Kiwiko cha Nyota, Kama Nilivyokiona Kiooni

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimegundua siri ya nyota wa mpira wa kikapu, yule mrefu wa timu ya kulipwa anayeonyeshwa kila mchana. Televisheni ya saluni iko nyuma yangu, juu ya mlango. Mimi huitazama kwenye kioo huku nikinyoa. Kinyozi mwingine hawezi. Siri yenyewe: kiwiko cha kushoto kinakaa chini ya mpira, halafu kiganja kinainama kama cha mtu anayeiba biskuti juu ya kabati.

Mpwa wangu, binti wa dada, ana majaribio ya klabu ya kikapu Jumamosi. Klabu ikimchukua, itamsomesha chuo, jambo ambalo mimi na dada hatuliwezi. Nimemwamuru asahau mkono wa kulia. Kaniambia, lakini mjomba, mimi natumia wa kulia. Nimemjibu hata mimi nilizaliwa sijui kunyoa.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi uani. Mpira umetua kwenye beseni la nguo za dada. Kaniita kwa jina langu kamili, dalili mbaya. Saluni nimemwonyesha mteja kile kiganja, mashine ikiwa inawaka. Kaondoka amejifunika kofia yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Chogo, kinyozi wa kiti cha pili, kaniuliza tangu lini yule nyota anatumia kushoto. Nikamwambia afungue macho. Kanishika kichwa kama mteja, kanigeuza niitazame televisheni yenyewe. Nyota anarusha kwa kulia. Hata jezi inasomeka. Mimi nilidhani ni Kirusi. Chogo kacheka mpaka mteja wake kaomba kushuka kitini.

Nimemharibia mtoto wa watu maisha! Nimekimbia nyumbani na aproni. Dada kanipa chai, kasema nitulie, binti anajua siku zote. Nikiwepo anarusha kwa kushoto asinivunje moyo. Nikienda kazini anarudi kulia. Nimeinywa chai yote. Nani ana mpwa kama huyu?

Jumamosi, 8 Machi
Majaribio. Beki mmoja, mpana kama friji, kamzibia upande wa kulia kila alipogeuka. Binti kahamishia mpira kushoto. Kiwiko chini, kiganja kikainama. Ndani. Tena, ndani. Mwalimu wa klabu kauliza nani kamfundisha mkono huo. Binti kaninyooshea kidole mimi, mbele ya watu wote.

Kachukuliwa. Nimelia, nikasingizia vumbi, na uwanja wenyewe ni wa ndani, sakafu imepigwa deki. Asante Mungu. Asante dada. Asante hata Chogo: jioni nimemnyoa bure, na nimejitahidi.

Jumapili, 9 Machi
Chogo anasema ni bahati tu. Wivu. Mimi nilijua tangu mwanzo: wa kulia anao tayari, ningempa mwingine wa nini? Leo nimechambua magoti ya nyota. Kesho nitaenda kumwelekeza mwalimu wa klabu. Dada kasema binti ananiombea homa ya siku moja. Namshukuru Mungu, sijawahi kuwa mzima hivi.