Mjomba Aliyeleta Kuku

Jacktone wa mtaa wa Huruma alikuwa na kipaji kimoja tu duniani, kubambikia watu. Na kubambikia, kwa msiobahatika kukutana naye, ni kumpa mtu kitu asichokitaka, naye bado akakushukuru.

Jumamosi moja aliona hema likisimamishwa mtaa wa West Indies, akageuza baiskeli. Kwenye tenga alikuwa na kuku watano wa gredi, wale wa mabandani wa kufugiwa mayai, waliochoka kutaga. Alikuwa amewapaka matope na kuwafunga miguu kwa matambara, kwa hivyo sasa walikuwa kienyeji kutoka Vihiga.

Mwenye hema, Mama Mideva, alikuwa akiwangoja wakwe waje kumposa bintiye. Ukimwandalia mkwe kuku wa gredi, umemtukana. Mama alimshika kuku mmoja, akamtazama mdomo, akamnunua bila kubishania bei. Mjanja mwenye akili angeshtuka hapo.

"Wewe ni mtu wa nyumbani," Mama akamwambia. "Mjomba wa msichana amekwama Kakamega. Ingia ukae kwa kiti yake, wakwe wasione pengo."

Mlo wa bure! Jacktone aliingiza baiskeli ndani ya geti, akavaa koti la kuazimwa, akaketi na wazee. Wakwe walipofika, kwa nusu saa aliapa jinsi alivyombeba bibi harusi mgongoni akiwa mtoto, mpaka wakafuta machozi.

Bakuli likafunuliwa mbele ya Mzee Wangila, msemaji wa wakwe. Juu ya nyama kulikuwa na kichwa cha kuku, ncha ya mdomo imekatwa, kama wanavyokatwa kuku wa mabandani wasidonoane.

"Hii kuku ya kutaga mayai ndio mnatupatia?" Mzee aliuliza polepole.

"Hata mimi nimeshtuka, Mzee," Mama Mideva akasema. "Ni mjomba ameleta. Na mjomba akikosea wakwe, desturi mnaijua."

Waliijua wote isipokuwa mjomba. Faini ilikuwa majogoo wawili wa kienyeji siku hiyo hiyo, na fahali siku ya harusi. Jacktone alitaka kukana ujomba, lakini viapo vyake vilikuwa bado vina joto. Akatazama geti, akaona baiskeli yake imefungwa kwa kufuli asilolijua.

Mama Mideva akatoa jikoni bakuli la pili, jogoo wa kweli aliyechemka tangu alfajiri. Wakwe wakacheka, wakala, wakamsifu.

Jacktone alikwenda sokoni kwa miguu, njaa ikimuuma, akiwa bado na koti la watu. Muuzaji mmoja akamkimbilia na jogoo.

"Kienyeji kabisa, mjomba."

Jacktone alimshika yule jogoo kichwa, akamtazama mdomo kwa muda mrefu.