Suruali Iliyokwisha Mshono

Jumatatu, 3 Machi
Mdogo wangu, fundi cherehani, amekuja kunionyesha kiuno cha suruali yake. Ameipanua kwa kuachia mshono mara tatu tangu aanze dawa za akili. Sasa mshono umekwisha, hakuna kitambaa cha kuachia. Sukari nayo imepanda, kliniki wamemwongezea vidonge vya sukari. Akasema taratibu, huku akiikunja suruali, kwamba kama dawa za akili zinamgeuza pipa ataziacha. Alipoziacha mara ya mwisho tulimtafuta siku kumi na moja.

Hataziacha. Tumbo nitaliondoa mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma makala tisa. Watafiti wanachunguza viini vya mimea vinavyoweza kupunguza unene na sukari kwa wanaotumia dawa hizi. Uwatu umo. Manjano yamo. Karela, lile tango chungu, imo. Wengi wamejaribu kwa panya. Mke wangu akauliza shemeji yake amekuwa panya tangu lini. Nikamjibu kwamba maswali hayo ni ya wasiosoma. Akasema basi nimuulize kwanza muuguzi wa kliniki, yule tunayemwita Bi Mizani kwa kuwa anapima watu kama viazi. Mimi, niliyebishana gazetini na wahariri wanne nikawashinda watatu, nikaombe ruhusa kwa Bi Mizani? Sikwenda.

Ijumaa, 7 Machi
Jana nilichemsha vyote vitatu kwa saa mbili. Mke wangu ametangaza kwamba sufuria ile sasa ni yangu peke yangu. Leo saa moja asubuhi nikampelekea mdogo wangu chupa ya chai imejaa. Akanywa kikombe. Akauliza kwa adabu, "Kaka, hii ni ya kunywa au ya kutilia nguo rangi?"

Nikanywa viwili kumtia moyo. Siku nzima sikuwa mbali na choo. Dalili nzuri.

Jumanne, 11 Machi
Nimefika saa moja, ameshaondoka. Jana vilevile. Jirani yake anasema siku hizi hasubiri basi, anakwenda kazini kwa miguu, tena kwa njia ya kuzunguka nyuma ya maghala. Nikaacha chupa mlangoni. Jioni nikaikuta tupu. Mgonjwa mtiifu kama huyu ni nadra.

Ijumaa, 28 Machi
Kliniki. Amepungua kilo mbili. Sukari imeshuka. Nikasimama nikawaeleza waliokuwa kwenye foleni habari za uwatu, kwa ufupi, dakika kumi hivi. Mama mmoja akaniomba nisogee, nimeziba feni.

Bi Mizani akamuuliza mdogo wangu amekuwa akinywa nini. Akasema kikombe kimoja tu, siku ya kwanza. Vingine vyote alivimwaga mtaroni. Ila kila asubuhi alitoka mapema akatembea dakika arobaini na tano, asikutane nami na chupa yangu.

Bi Mizani akanigeukia. Karela juu ya vidonge vya sukari, akasema, ingeweza kuishusha sukari kupita kiasi na kumwangusha barabarani. Alisema kwa sauti ile ile ya "haya, panda mizani". Kisha akampeleka mdogo wangu kwa daktari wazungumze kuhusu kubadilisha dawa ya akili, badala ya kuiacha. Mimi nikaambiwa nisubiri nje.

Jumamosi, 29 Machi
Mdogo wangu ameanza dawa mpya. Ameimeza mbele yangu, akafunga kifungo cha suruali bila kuvuta pumzi. Habari ya kuacha hataki hata kuisikia. Niligeukia ukuta kidogo, nikasingizia vumbi.

Nimetafakari kwa haki. Wanasema ni matembezi. Sawa. Nani alimtembeza? Vidonge havijawahi kumtoa mtu nyumbani alfajiri. Mchanganyiko wangu umemtoa wiki tatu mfululizo, tena ukiwa kwenye chupa. Watafiti wa panya hawajafika hapo. Nimemwandikia mhariri.

Tatizo ni kwamba ameanza kunizoea. Juzi alitoka saa moja kasorobo, anatembea polepole. Nimenunua shubiri. Nikiichemsha vizuri, Jumatatu atatoka mbio.