Kurasa Ishirini na Mbili za Moto

Jumatatu, 7 Juni 1999

Nimepata njia ya kuajiriwa! Mkataba wangu wa kibarua hapa kituo cha mafunzo ya wakulima, Mlabani, Ifakara, unakwisha mwisho wa mwezi. Nafasi ya mkuu wa chumba cha kompyuta ni moja na tuko wawili, mimi na Hilary. Hilary ana cheti cha Dar. Mimi nina akili.

Shida ya kituo ni tovuti. Kurasa zetu ishirini na mbili zinakaa kwenye kompyuta ya wafadhili huko Ulaya. Kufungua ukurasa mmoja, kwa simu inayopitia Dar, ni dakika tisa. Mama Bibiana, mkuu wetu, hubofya kisha huenda kunywa chai.

Dawa ninayo. Ile kompyuta kuukuu ya pembeni nimeiwekea programu ya kutunza nakala. Ukurasa ukifunguliwa mara moja, nakala inabaki hapa Ifakara. Wa pili anaupata papo hapo, bila safari ya Ulaya. Ila lazima awepo wa kwanza. Wa kwanza nitakuwa mimi, alfajiri, laini ya simu ikiwa haina msongamano. Ndiko ninakokuita kupasha moto.

Ijumaa Mzee Polikarpo, mwenyekiti wa bodi, anashuka kutoka Mahenge kuja kuona. Akiridhika atasaini barua ya ajira. Mzee Tadei, baba yake Digna, hapokei posa yangu bila kuiona barua hiyo. Amelisema mara mbili, mara ya pili mbele ya majirani.

Jumanne, 8 Juni

Nimepasha! Nilianza saa kumi na moja alfajiri. Kurasa zote kwa saa tatu na dakika kumi na nane. Macho yalikuwa kwenye saa ya mkononi tu, naandika muda wa kila ukurasa. Kisha nikajaribu ukurasa wa mbegu mara ya pili. Sekunde moja! Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja na rungu.

Programu inauliza nakala zikae siku ngapi kabla ya kwenda kuangalia upya Ulaya. Nimeandika thelathini. Hilary akasema siku moja inatosha. Wivu huo.

Mchana Hilary kaumbuka. Jana jioni redio ya Mahenge ilituletea habari kwamba Mzee Polikarpo amefariki. Marehemu ni Polikarpo seremala, aliyetutengenezea madawati. Hilary hakuuliza. Usiku uleule akaweka kwenye tovuti tanzia ya mwenyekiti, pamoja na picha! Leo asubuhi mwenyekiti mwenyewe kapiga simu kuulizia chakula cha Ijumaa. Mama Bibiana alimgombeza Hilary mlango ukiwa wazi. Saa sita Hilary akairekebisha kule Ulaya. Tumeagizwa wote tunyamaze, mwenyekiti asijue kamwe. Nimefurahi, sikatai.

Jumatano, 9 Juni

Hilary kaja na sauti ya upole. Eti nifute nakala zote nipashe upya. Saa tatu nyingine za simu ya kituo! Anataka nionekane mharibifu. Akaanza kusema, kuhusu ile tanzia. Nikamkatisha. Nikamwambia yaliyopita yamepita, sitamsema kwa mwenyekiti. Akageuka, akaondoka. Nadhani ukarimu wangu umemgusa.

Nimefunga chumba. Mama Bibiana alitaka kusoma bei za mpunga, nikamwomba avumilie hadi Ijumaa. Kurasa zikiguswaguswa zitapoa.

Alhamisi, 10 Juni

Hilary kapelekwa kijiji cha Mbingu kufundisha wakulima. Kabla ya kuondoka kapenyeza kikaratasi chini ya mlango. Bila shaka anaomba radhi. Nitakisoma baada ya ushindi.

Digna kaniambia kuna mwalimu wa Lumemo anayeulizia uchumba nyumbani kwao. Mwalimu ana ajira ya kudumu. Ninaogopa, naandika ukweli. Nimepiga pasi shati mara mbili.

Ijumaa, 11 Juni

Mwenyekiti alifika saa nne. Nikamwamkia shikamoo, nikamkalisha mbele ya kompyuta, Mama Bibiana kando yake. Nikaeleza safari ya Ulaya. Nikamwomba abofye Habari na Matangazo.

Sekunde moja! Hata miwani alikuwa hajavaa.

Akaivaa. Akasoma. Kulikuwa na picha yake, na msalaba. Amepumzika katika Bwana. Mazishi Jumatano saa nane. Kikao cha kumpata mwenyekiti mpya kitatangazwa.

“Jumatano nimezikwa,” akasema taratibu, “na kituo hakikuleta hata mtu mmoja?”

Mama Bibiana alisimama, akakaa, akasimama tena. Nikaona nisaidie. Nikasema, mzee, tazama lakini kasi yake. Nikabofya tena ili aone si bahati. Akatokea tena na msalaba wake. Nikabofya mara ya tatu.

Hilary karudi saa nane mchana. Akapiga magoti, akaungama, kisha akaufungua ukurasa moja kwa moja kutoka Ulaya, bila kupitia nakala zangu. Tulikaa dakika tisa tukiungoja. Mwenyekiti akajisoma yuko hai, akashusha pumzi, akamshukuru Hilary. Akamsainia barua.

Aliyemuua kaajiriwa! Mimi niliyeifikisha habari haraka ndiye mkosaji. Jioni nikasoma kikaratasi: Lukelo, futa nakala, tanzia imo humo. Nimeumia sana. Nililia kidogo, chooni.

Jumatatu, 14 Juni

Nimepewa miezi mitatu ya kibarua katika tawi letu la Mbingu. Nimekwenda kumwamkia Mzee Tadei na kumweleza. Akaitikia marahaba, akaingia ndani. Digna kasema atasubiri hadi Septemba, siyo zaidi.

Nina mpango. Mbingu hakuna simu kabisa, kwa hiyo hakuna wa kupiga Ulaya na kunishinda. Kompyuta yao niliileta hapa Jumamosi, nikaipasha kurasa zote. Kesho naipandisha basi ikiwa tayari. Kosa la safari iliyopita nimelijua: nilipasha Jumanne, na Jumanne haijawahi kunipenda. Muda wa nakala kukaa, safari hii nimeandika mwaka mzima.

Saa mbili na dakika hamsini tu! Nimevunja rekodi yangu. Kilichoandikwa humo watakisoma watu wa Mbingu wenyewe, mimi nilikuwa naangalia saa.