Padi Isiyobonyea

Mama mwenye duka la kompyuta alikuwa akimlalamikia jirani yake kwamba wateja wanamrudishia laptopu, ati padi za kuongozea mshale zinawasumbua vidole. Kijana mmoja aliyeitwa Kidole, aliyekuwa akipita koridoni bila shughuli maalumu, akasimama. Mtu mwingine angesikia malalamiko. Yeye alisikia chumba cha kupanga, chenye mlango wake na ufunguo wake.

Ni haki kusema kwamba Kidole hakuwahi kuiba. Watu walimpa vitu kwa mikono yao wenyewe, kisha wakajuta, na majuto ya watu si kosa lake. Ila juma hilo alikuwa amebanwa. Dada yake, aliyemvumilia sebuleni miaka miwili, alimwambia ikifika Ijumaa awe amehama, maana shemeji amechoka kuruka miguu ya mtu kila asubuhi akienda kazini. Maneno yale yalimuuma, hasa kwa kuwa yalikuwa ya kweli.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mimi ni mtathmini wa padi."

"Marahaba. Wa nini?"

"Wa padi za kugusa. Kuna kampuni inataka laptopu arobaini, na mkurugenzi wao hataki kabisa kuona mausi mezani. Nimetumwa kulinganisha."

Aliposikia arobaini, mama alivuta kiti akampa. Kisha akamwekea mezani mashine tatu.

Kidole akakunja mikono ya shati. "Hii ya Windows," alisema, akitembeza vidole viwili, "inategemea aliyeiunda. Kampuni ileile moja inakuuzia padi laini mwaka huu, na mwakani inakuuzia ubao wa kukatia vitunguu. Hii ya Linux itakutii, lakini kwanza ukae nayo kwenye mipangilio mkubaliane. Hii ya Mac ni kioo kitupu, bonyeza kona yoyote. Sasa izime. Bonyeza."

Mama akabonyeza. "Haibonyei!"

"Haijawahi kubonyea. Unachosikia ni mtetemo tu. Kidole chako kinadhani kimebonyeza."

"Kumbe tunadanganywa?"

"Kwa ustadi mkubwa," alisema Kidole kwa heshima. "Shika hilo, mama: padi ya hali ya juu ikizimwa haibonyei."

Mama alishika. Alipoombwa mashine zote tatu zikaonwe na mkurugenzi, hakubisha. Aliomba tu mtaalamu aache laptopu yake, ile aliyoining'iniza begani, kama dhamana. Kidole alisita. Humo ndimo ilimokaa mihuri yake yote, ya ofisi kumi na moja ambazo hazikuwahi kuwapo. Lakini tatu mpya kwa moja kuukuu! Akaiacha, akasaini kitabuni "Mhandisi", huku mama akifungasha nyuma ya pazia.

Mlangoni akachungulia ndani ya mfuko aliofungashiwa, akabonyeza padi moja. Haikubonyea. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya.

"Hata hii ya Windows?" aliuliza.

"Toleo jipya, mtaalamu. Bila shaka unalifahamu."

"Nalifahamu," alisema Kidole, kwa kuwa mtaalamu hana jibu jingine.

Sebuleni kwa dada yake alitafuta tundu la kuchajia kwenye mashine zile kwa robo saa. Halikuwapo. Zote tatu zilikuwa maganda matupu ya plastiki, yale yanayopangwa kwenye kioo cha duka ili wapita njia watamani.

Alirudi dukani anahema. "Mama, nipe laptopu yangu au twende polisi!"

"Twende," alisema mama, akichukua mkoba. "Utajiandikisha kama nani?"

Kidole akageukia kaunta. Hapo ndipo alipomwona mwalimu mmoja mwenye miwani ameinamia kaunta, akipapasa padi ya laptopu kuukuu ambayo Kidole aliijua vizuri.

"Una bahati, mwalimu," alisema mama. "Huyu ndiye mtaalamu mwenyewe. Muulize."

"Inafaa?" aliuliza mwalimu.

Kidole alitaka kusema ni mbovu. Lakini mwalimu alikuwa akiitembeza kwa kidole kimoja, kwa woga, na hilo hakuweza kulitazama. "Vidole viwili," alisema. "Usikandamize. Umeona inavyoteleza? Ina miaka saba, na bado inajua kutofautisha kidole na kiganja. Hutapata nyingine kama hii."

Mwalimu akatabasamu, akatoa pochi. Mama, ambaye si mtu mbaya akishamaliza kazi yake, aliifuta laptopu vumbi kabla ya kumkabidhi.

"Nzuri hivi," alisema mwalimu, akiikumbatia, "mwenyewe aliiachia kwa nini?"

Mama akajifanya anapanga nyaya.

"Alikuwa anatafuta chumba," alisema Kidole.

"Alipata?"

"Bado."