Tabia Mpya Kila Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi wetu hapa kwa dobi anastaafu. Mama Bosi atatangaza mrithi Ijumaa, na amesema anatazama tabia. Tabia! Miaka tisa nimesimama kwenye pasi mpaka miguu imevimba. Msimamizi hukaa kwenye kiti. Nakitaka kile kiti! Mpinzani wangu ni Bi Vifungo, anayeshona vifungo vilivyong'oka huku akimsengenya kila mtu. Mpango: kunyamaza. Mtu mkimya hudhaniwa ana busara.

Jumanne, 4 Machi
Nimenyamaza kutwa. Hata salamu nimejibu kwa kichwa. Kufikia saa nane Bi Vifungo alishatangaza kwamba nina kinyongo na nimemnunia bosi. Dereva wetu wa mizigo akaongeza kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu, kisha akauhamisha mkoba wake mbali nami. Kesho ucheshi.

Jumatano, 5 Machi
Nimecheka kila kilichosemwa. Mfuaji alipoanza kusimulia, nikaangua kicheko mapema ili nisipitwe. Kumbe anaeleza mama yake alivyoanguka bafuni. Aibu gani hii! Sasa mimi ni mtu asiye na utu. Mke wangu ameuliza kwa nini nisiende kazini nikiwa mimi tu. Nimemwambia huyo wamemwona miaka tisa, na hakuna aliyempa kiti.

Alhamisi, 6 Machi
Huruma. Nimemletea mfuaji chai, nimembebea dereva mafurushi, nimeisifu sindano ya Bi Vifungo. Wakaitana nyuma ya kabati. Wameafikiana kwamba nimeiba kitu. Mama Bosi akahesabu mashuka mara mbili, jicho kwangu. Mashuka yametimia yote. Hakuna aliyefurahi.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti amepewa Bi Vifungo! Aliyenuna na kusengenya wiki nzima kama kawaida yake! Mama Bosi akaniita pembeni. Akasema jina langu ndilo lililokuwa kwenye karatasi tangu Jumapili, ila kwa siku tatu ameona watu watatu kwenye pasi moja, na hajui yupi angempa funguo. Mdomo wa Bi Vifungo angalau anaujua. Nilitamani ardhi inimeze. Nimerudi kwenye pasi nikalia, mvuke ukanisitiri. Nimekwisha mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelitafakari sana. Kosa lilikuwa moja tu: sikuwa na miwani. Mwenye miwani huaminiwa kabla hajafungua kinywa. Nimenunua. Macho yangu ni mazima, kwa hiyo inanizungusha kichwa, na nimegonga mlango mara mbili. Mara ya tatu mke wangu amenifungulia mwenyewe. Naona ameanza kuniheshimu.