Mapumziko ya Mnyapara Vitalis

Jumatatu, 7 Julai 1952

Namshukuru Mungu kwa siku hii, ingawa imenitia aibu. Asubuhi nimeita majina ya wakata mkonge kama kawaida. Katikati nikaita, "Vitalis!" Kimya. Nikaita tena, kwa ukali. Kimya. Nikaanza kumgombeza huyo mvivu Vitalis, mpaka watu wakashika mbavu kwa kicheko. Vitalis ni mimi! Mnyapara mkuu wa shamba zima!

Hilo lisingekuwa neno. Lakini nilikuwa nimekwisha kupeleka makundi mawili kwenye kitalu kimoja. Wakagombania mistari, na visu vya mkonge si vya kuchezea. Mmoja kakatwa mkono. Si sana, ashukuriwe Mungu. Nimesema kosa ni la jua.

Bwana Meneja hakukubali kwamba ni jua. Kaniita ofisini, kasema macho yangu mekundu, miguu imevimba, hata Jumapili sipumziki, na mnyapara aliyechoka hivi ipo siku ataua watu. Nikapumzike mpaka Jumamosi. Filimbi nimkabidhi Mathayo, msaidizi wangu. Na nikionekana shambani kabla ya Jumamosi, filimbi itabaki kwa Mathayo moja kwa moja.

Kwa Mathayo! Yeye Mnyamwezi, mimi Mngoni, kwa hiyo ni watani. Ana ruhusa ya kunicheka kutwa nzima, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Kaipokea filimbi, kaipangusa kwa shati, kasema inanuka Ungoni. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, niliangalia alivyoishika. Huyu hairudishi ng'o!

Jumanne, 8 Julai

Hildegarda, mke wangu, kanipandisha lori la Mikumi, niende kwa kaka yake Gabrieli. Kasema huko hakuna mkonge, nitalala. Kanifungia kuku mzima. Mke wa namna hii nimempatia wapi? Namshukuru sana. Kuku nimemmaliza kabla hatujafika Ulaya, kile kijiji cha njiani.

Shemeji Gabrieli kanipokea vizuri mno. Kanipa kitanda chake mwenyewe. Nimelala? Nani alale! Nikifumba macho namwona Mathayo na filimbi mdomoni, mashavu yamemvimba kwa raha.

Jumatano, 9 Julai

Makosa madogo yametokea. Nimeamka kabla ya jogoo, nikaona nyumba nzima imelala, na shamba la mahindi halijaguswa. Uvumilivu ukanishinda. Nikawaamsha, nikawapanga mstari uani, nikaita majina, nikagawa kazi. Gabrieli, palizi. Mkewe Domina, maji. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa amejifunika khanga mpaka puani. Nikamwuliza kwa sauti kwa nini amechelewa, nikampa mistari miwili.

Alikuwa mama mkwe. Jamani! Mama mzazi wa Hildegarda, ambaye hata kupishana naye njiani huwa nachepuka porini kwa heshima! Kajifunika uso, kachukua jembe, kaenda. Hiyo ndiyo iliyoniua kabisa. Alikwenda!

Gabrieli ni muungwana. Kasema amefurahi mno kunipokea, na kwamba lori la kunirudisha Kilosa liko karibu kuondoka. Kanibebea mzigo mwenyewe, tena mbio.

Hildegarda aliposikia habari za mama yake akakaa chini, mikono kichwani. Kisha akainuka, akachemsha maji, akatia chumvi, akaniosha miguu. Kasema, Baba Regina, ukifa leo, Bwana Meneja kesho atapata mnyapara mwingine, lakini mimi sitapata Vitalis mwingine. Machozi yalinilengalenga. Sijapata kuambiwa neno zuri kama hilo. Nilimshukuru, nikamwahidi nitapumzika, na huku mpango wangu wa kesho ulikuwa umeshakamilika.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika upesi. Hildegarda kaenda mtoni. Mpango ni huu: nitapita nyuma ya kambi, niingie kwenye troli iliyojazwa nusu, nijilaze juu ya majani ya mkonge, nijifunike gunia. Kutoka humo nitamchungulia Mathayo anavyoharibu kazi. Bwana Meneja hataniona. Ni troli tu, nani ataangalia troli? Nashangaa akili hii niliipata wapi.

Ijumaa, 11 Julai

Niko hai! Ahsante Mungu!

Jana ilikuwa hivi. Niliingia kwenye troli, nikajifunika, nikatoboa gunia tundu la kuchungulia. Nikamwona Mathayo kakaa kivulini na watu wake wakinywa maji, saa za kazi! Nikasema moyoni, nimekukamata. Hapo ndipo nililala. Nimekosa usingizi kitandani kwangu, nimekosa usingizi Mikumi, nikaupata juu ya miiba.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Wakaisukuma troli mpaka kwenye korona, ile mashine inayosaga majani yabaki nyuzi. Wakaanza kupakua. Mtu kashika fungu akaliona lina kiatu. Kapiga yowe. Mathayo alikuwa hapo, kapuliza filimbi, mashine ikazimwa. Miguu yangu ilikuwa imeshatangulizwa!

Na sikuamka. Walinitikisa, walinimwagia maji, nikazidi kukoroma. Mathayo kaogopa Bwana Meneja asije akaniona, kanifunika gunia lilelile, wakanibeba hadi nyumbani. Bwana Meneja alipouliza mashine imezimwa kwa nini, Mathayo kamwambia kulikuwa na gogo kwenye majani. Gogo! Ndiyo, mimi. Nashukuru.

Dresa, yule mtibabu wa kambi, alinipima, kasema huyu haumwi, kachoka, aachwe alale. Nimelala mpaka leo mchana. Kilichoniamsha ni vilio. Nachungulia mlangoni, naona matanga! Matanga yangu! Wanyamwezi wote wa kambi wamekaa uani kwangu. Kwetu mtu akifa, watani ndio wanaochekesha msibani, na Mathayo kaona asisubiri mpaka nife. Kavaa kofia yangu. Kajilaza mlangoni, kasema maiti haitoki mpaka watani wapewe kuku na pombe. Kisha kainuka, akaniigiza ninavyoita majina, mpaka Hildegarda mwenyewe akalia kwa kicheko.

Nikataka kutoka niwafukuze. Lakini Mathayo akavua kofia. Kasema, bila utani sasa, marehemu huyu alimbeba yeye Mathayo mgongoni alipougua homa, kutoka kitaluni hadi kwa dresa. Kasema alitamani kumlipa, lakini marehemu hakai chini hata mtu ampe kikombe cha maji. Wengine wakaitikia kwamba ndivyo alivyo.

Nililia nyuma ya mlango. Watu hawa walikuja na mchele wa Tindiga, mzuri, unanukia. Waliuleta kwa ajili yangu mimi! Nikatoka. Wakakimbia kwa mayowe kwamba maiti imefufuka. Halafu tukala pamoja, na nikakaa chini.

Jumamosi, 12 Julai

Bwana Meneja kaniangalia, kasema Mikumi imenifaa sana. Nimesema ndiyo, Bwana, hewa ya kule ni nzuri. Mathayo karudisha filimbi mbele ya watu wote. Kasema hataki tena, inamfanya asikie hamu ya kula panya kama Mngoni. Sikukasirika hata kidogo. Nilimshika mkono mbele ya watu nikamshukuru.

Tena kumbe kazi ilikwenda vizuri. Hakuna aliyejikata. Wale waliokuwa wakinywa maji kivulini wamemaliza mistari yao mapema. Nimeelewa sasa. Kiongozi asiyejitunza anawaponza anaowaongoza. Nimemwambia Bwana Meneja maneno hayo, akafurahi, akasema kesho Jumapili kambi nzima ipumzike kweli kweli. Kumbe jambo kubwa hivi halikuwa na msimamizi!

Jumapili, 13 Julai

Ahsante Mungu kwa siku ya mapumziko. Nimeamka kabla ya jogoo. Nimezunguka kambi yote, mlango kwa mlango, napuliza filimbi na kuhakikisha kila mtu amelala. Waliokuwa macho nimewagombeza. Sikupata nafasi ya kunywa chai wala kwenda kanisani, na Hildegarda kaniita mara kadhaa nije kuoshwa miguu, nimemwambia bado safu tatu za nyumba.

Wa mwisho alikuwa Mathayo. Nimemkuta kalala fofofo, hana habari, kama nilivyoagiza. Nilifurahi sana. Nikamwamsha nimpongeze.