Siri ya Kiti cha Nanjala

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimeshtuka. Matroni ametangaza kwamba chumba cha sindano hapa zahanati ya Amalemba kitabaki na mtu mmoja: mimi au mwenzangu Nanjala. Atakayeshindwa atakaa dirishani kuandika kadi za wagonjwa. Mimi, Osiako, niandike kadi! Nina mkono mwepesi kuliko mtu yeyote Lurambi nzima. Tena ni mkweli. Kila mgonjwa namwonya: pole, hii itachoma sana, jikaze. Wanapiga mayowe hata kabla sijawagusa. Watu wa siku hizi waoga.

Jumanne, 10 Juni
Aibu. Amekuja Mzee Masinde, yule mwenye fahali wa kupigana anayeogopwa hadi Khayega. Nilikuwa nimtoe damu. Nikamwambia kwa heshima asiangalie, sindano ni nene, wengine huzirai. Akazirai. Mtu anayemwongoza fahali kwa fimbo tu!

Alipozinduka, Nanjala akamkalisha kwenye kiti chake, akamuuliza fahali hula nini asubuhi ya pambano. Mzee alieleza weee, hata damu ikawa imetolewa na pamba iko mkononi. Mzee akauliza, kwani tunaanza saa ngapi. Mdomo wangu haujafungika mpaka sasa.

Alhamisi, 12 Juni
Nilidhani siri ni fahali. Nimemuuliza kila mgonjwa habari za fahali wake. Mtoto Ashley akasema kwao wana paka tu. Nikamwambia basi hii itauma kuliko paka akikukwaruza. Akanipiga teke, sindano ikanichoma mimi kidole.

Matroni akaamuru nidungwe sindano ya pepopunda. Nanjala akanikalisha kwenye kile kiti, akasema anaanza, na je, mama yangu hupikanga ingokho, kuku wa kwetu, namna gani? Nilikuwa bado kwenye vitunguu aliposema tumemaliza. Sikusikia chochote. Nimeduwaa mchana kutwa.

Akaniambia polepole kwamba wagonjwa wangu huumizwa na maneno yangu kabla ya sindano. Wivu tu huo. Mimi nimeshaelewa: ni kiti.

Ijumaa, 13 Juni
Nimewahi kazini nikabadilisha viti, cha Nanjala kikawa changu. Wa kwanza kukikalia: Matroni mwenyewe, anataka kupimwa damu. Nikamtuliza vizuri. Nikamwambia asiogope, na akisikia moto mkono mzima asirushe miguu. Alipiga ukelele, watu wa duka la dawa ng'ambo ya barabara wakaja mbio. Sielewi. Kiti ni kilekile.

Jumatatu, 16 Juni
Niko dirishani. Nimekuja na kiti. Nanjala anatumia stuli ya jikoni, na bado huko ndani hakuna anayelia. Lazima kuna dawa anaficha.

Mimi nimebaki mkweli. Kila anayechukua kadi namwambia: pole, leo sindano ni kali, jikaze. Kufika saa nne foleni yote imeyeyuka. Matroni ameniuliza wagonjwa wamekwenda wapi. Nimemwambia ukweli, kwamba Nanjala anawatisha.